Haikulipika

Miaka ishirini na sita nilisahihisha prufu
chumba cha nyuma, mtaa wa Rufiji,
juu ya duka la nyavu.
Nililipwa kwa ukurasa, siyo kwa ukweli.
Nikastaafu na miwani, kalamu nyekundu,
na ugonjwa wa kutoweza kusoma gazeti
bila kulifanyia upasuaji.

Leo asubuhi Mugeta wa gengeni
amenisogezea magazeti mawili
aliyokuwa afungie dagaa.
"Mama Nyanjige, tuamulie.
Kiwanda cha minofu na watu wa mapato,
nani mwongo?"

Sikumjibu. Nikavaa miwani.

La kwanza linasema:
"Kodi ya miaka minne haikulipika."
Haikulipika!
Kama mlango uliovimba kwa mvua haufunguki,
kama mwalo uliojaa magugu haupitiki.
Kodi yenyewe, maskini,
ilijitahidi kulipika, ikashindwa.
Itazame hiyo -ik- ilivyokaa ndani ya neno
kama mlinzi getini:
bosi hayupo, rudi kesho.
Nikaizungushia duara.
Nikageuza ukurasa wa mwisho, rangi tupu:
tangazo la kiwanda, sangara anacheka,
kheri ya sikukuu kwa wasomaji wote.

La pili halina tangazo. Lina hasira.
"Wametunyonya!"
Huyu "tu" ni nani, na nani kamhesabu?
Rufaa haijasikilizwa,
majalada bado yamefungwa kamba,
lakini mchambuzi Lutonja keshafika mwisho wa sentensi
na kaipigilia alama ya mshangao kama msumari.
Aya ya tatu deni ni bilioni sita,
aya ya saba ni bilioni tisa;
tatu zimezaliwa njiani bila mkunga.
Mhasibu wa kiwanda hakupigiwa hata simu.
Lile la kwanza, angalau, liliomba radhi:
"Ofisa wa mapato hakupatikana,"
ingawa yeye na mhariri
wana deni la chai kwa mama lishe mmoja.

"Kwa hiyo wote waongo?"
Mugeta alishaanza kukunja karatasi.

Hapana, mwanangu. Usikimbilie hapo,
hapo ndipo wavivu wanapopumzikia.
Huyu kamficha mtenda,
yule kajipa cheo cha mtendwa;
si kosa moja, wala halina uzito mmoja.
Kamata kitenzi, kiulize: nani?
Kikikwepa, uliza gazeti: unakula wapi?
Na ukishajibiwa yote hayo
bado hujamjua mdaiwa.
Umejua tu anayekuhadithia
kakaa upande gani wa meza.

Alitaka jina, nikampa sarufi.
Akaondoka na dagaa zake,
sura ya mtu aliyepunjwa chenji.

Jioni mpangaji wangu akabisha hodi,
bahasha mkononi: "Kodi, mama."

Kodi.
Lugha yetu ina utani wake,
neno moja kwa ninachopokea
na kwa nisichopeleka.
Vyumba vitatu Igogo, juu ya mawe,
mwaka wa kumi na moja sasa,
choo cha nje, maji ya zamu,
na sijawahi kukata risiti hata ya kudanganyia mtoto.

Nikafungua daftari niingize ya mwezi huu.
Pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini,
mkono ukaandika kabla sijautuma:
"Ya serikali haikulipika."

Nilikaa.
Kule chini taa za kiwanda zimewaka,
makorongo yamejipanga kwenye paa
yakingoja utumbo wa zamu ya usiku.
Redioni Lutonja anaunguruma: sisi, sisi, sisi.

Kalamu nyekundu ipo.
Wino haujaisha.